Google Scholar mezani Bukavu: tathmini ya mzani unaopima kazi za madaktari watafiti

Kila mwaka, zinapokaribia siku za kuwasilisha dosye za kupandishwa daraja, madaktari wanaofundisha katika kitivo chetu hapa Bukavu hukumbuka kwamba maktaba bado ipo. Miezi mingine hupita mlangoni pangu wakikimbilia wodini. Msimu huo huingia, huvuta kiti, husema “Mama wa maktaba, habari ya asubuhi,” kisha hushusha sauti kama mtu aliyekuja kuchukua majibu ya vipimo vyake mwenyewe, na kuniomba niwatazamie namba yao. Namba hiyo ni idadi ya mara ambazo makala zao zimetajwa na watafiti wengine, pamoja na kile kipimo kinachoitwa h, na mahali wanapotaka niitazame ni Google Scholar. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka ya kutosha kuweza kuitathmini huduma hii jinsi mtu anavyoweza kulisema duka analonunua kila juma: ninajua bidhaa ipi humo ni nzuri, ipi imechacha, na mwenye duka hupunja wapi.

Kwa asiyeijua, Google Scholar ni mashine ya kutafutia maandishi ya kitaaluma iliyofunguliwa Novemba 2004, ikiwa kazi ya wahandisi wawili, Anurag Acharya na Alex Verstak. Unaandika jina la ugonjwa au la mtu, nayo inakuletea makala za majarida, tasnifu, vitabu na ripoti, na chini ya kila andiko, kwetu tunaoitumia kwa Kifaransa, huandika neno “Cité” na idadi ya mara. Ukiigusa idadi hiyo, inafunguka orodha ya wote waliolitaja andiko lile. Tangu 2011 kila mtafiti anaweza pia kujifungulia ukurasa wake, ambamo makala zake hupangwa kuanzia ile iliyotajwa sana, na pembeni hukaa jumla ya kutajwa, kipimo h na kipimo i10, pamoja na vijiti vidogo vinavyoonyesha kila mwaka umeleta nini. Kipimo h kilibuniwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego: daktari ana h ya 8 iwapo makala zake 8 zimetajwa kila moja angalau mara 8, na bado hajafikisha makala 9 zilizotajwa mara 9 kila moja. Kipimo i10 ni chepesi zaidi, kwani huhesabu tu makala zilizotajwa mara 10 au kuzidi.

Sifa ya kwanza ya huduma hii ni bei, na kwetu bei si jambo dogo. Web of Science, ambayo mizizi yake ni faharisi aliyoianzisha Eugene Garfield huko Philadelphia mwaka 1964, na Scopus ya kampuni ya Elsevier, iliyotoka mwaka uleule wa 2004, huuzwa kwa vyuo kwa ada ya kila mwaka, na ada hiyo haina nafasi katika bajeti ya maktaba ambayo bado inajadili nani atalipa karatasi za mashine ya kuchapia. PubMed ni ya bure, na kwa kutafuta makala za tiba sijaona iliyo safi kuishinda, lakini haikujengwa ili kuhesabu kutajwa: idadi inayoionyesha hutoka tu kwenye makala zilizohifadhiwa katika ghala lake lenyewe. Kwa hiyo Google Scholar imebaki kuwa kaunta pekee ambayo mlangoni pake hakuna anayekuuliza kadi. Isitoshe, ni nyepesi. Ukurasa wake hufunguka kwa simu yenye mega chache, saa ambayo umeme umekatika na jenereta ya chuo bado haijatiwa mafuta, na mara nyingi upande wa kulia wa jibu huwa kuna nakala kamili ya makala unayoweza kuipakua papo hapo. Isipokuwepo, naihamishia kazi kwenye Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, ambamo nchi yetu iko katika kundi la zile zisizotozwa kitu. Huduma hizi mbili zikitumiwa pamoja, daktari wa Bukavu anaweza kusoma karibu kila kitu anachosoma mwenzake wa Brussels, ila kwa kusubiri zaidi.

Sifa ya pili ndiyo iliyonifanya niitetee mbele ya maprofesa waliokuwa wakiidharau. Madaktari wetu wengi, hasa wa kizazi kilichotangulia, waliandika kwa Kifaransa. Waliandika katika majarida ya Kinshasa na ya Ubelgiji, katika tasnifu zilizofungwa kwa jalada gumu, katika ripoti za mashirika. Na katika faharisi zile za gharama, zilizochagua majarida yake kwa vigezo ambavyo jarida la Kiingereza hutimiza kwa urahisi zaidi, wazee hao ni kama hawakuwahi kushika kalamu. Google Scholar haichagui namna hiyo. Inaokota tasnifu iliyowekwa kwenye tovuti ya chuo, inaokota majarida ya Kiafrika yaliyokusanywa na African Journals Online, ghala lililoanza mwaka 1998 na ambalo baadaye lilihamia Afrika Kusini, na inaokota Pan African Medical Journal, linalopokea makala kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Daktari wa uzazi aliyeandika kwa Kifaransa juu ya kupasuka kwa mji wa mimba katika hospitali za vijijini, akatajwa baadaye na wanafunzi wa Bujumbura na Kisangani katika tasnifu zao, humu ana uzito unaoonekana. Huo si upendeleo. Watu walimsoma kweli.

Lakini anayeokota kila kitu huokota na takataka, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

Kosa linalonichosha kuliko yote ni majina. Mashine hii iliundwa na watu wanaodhani kwamba binadamu ana jina la ukoo moja, lisilobadilika, linaloandikwa mwisho. Sisi tuna jina, tuna jina la pili, tuna jina la ubatizo, na kwenye fomu za serikali jina la ubatizo ndilo huwekwa mwishoni, hivyo jarida la ng'ambo likipokea makala ya daktari wetu humgeuza Jean kuwa ukoo na kuupunguza ukoo wake kuwa herufi mbili. Tena jina letu si lazima lifanane na la baba wala la ndugu, ilhali huku Bushi wenye jina Bisimwa au Mushagalusa ni wengi kiasi kwamba ukiita kwa sauti pale Nyawera watageuka watu kumi. Nimewahi kufungua ukurasa wa daktari wa watoto ambamo, katikati ya utapiamlo na surua, zilikaa kwa utulivu makala juu ya mnyauko wa migomba. Mwenye makala hizo alikuwa mtaalamu wa kilimo wa mji huuhuu, mwenye jina hilohilo, na yeye ukurasa wake ulikuwa mtupu. Mashine ilikuwa imemnyang'anya mmoja ikampa mwingine, na yule aliyepewa, kwa kuwa alikubali mapendekezo yote bila kuyasoma, hakuwa na habari kwamba amekuwa bingwa wa ndizi.

Historia ya nchi yetu imeongeza tabu yake. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudi kwenye asili, utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo, na watafiti wakachapisha kwa majina ya kienyeji tu. Baadaye majina ya ubatizo yaliporudi, mtu yuleyule akaanza kuonekana kama mtu mwingine. Mfano ulio wazi ni wa Profesa Jean-Jacques Muyembe, anayejulikana hata na dereva wa teksi kwa sababu ya Ebola. Katika The Lancet ya 1995, akieleza mlipuko wa Kikwit, ameandikwa Muyembe T. Kwingine ni Muyembe, kwingine Muyembe-Tamfum JJ, na kwingine Tamfum tu, kana kwamba Muyembe lilikuwa jina la ubatizo. Asiyejua kwamba wote hao ni mtu mmoja, akatafuta kwa umbo moja tu, atapata sehemu ya kazi yake na kuidhani yote. Dawa ya ugonjwa huu ipo tangu Oktoba 2012, nayo ni ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti hujiandikisha bure na kuibeba maisha yake yote, jina libadilike lisibadilike. Kila daktari anayekaa kwenye kiti changu huondoka nayo. Ajabu ni kwamba Google Scholar, yenye wahandisi wa kutosha, haijaijenga namba hiyo ndani ya kurasa za watafiti, na badala yake inaendelea kubahatisha kwa jina na mada.

Nibaki kwa Profesa Muyembe kidogo, kwa sababu kupitia kwake udhaifu wa mizani yote ya aina hii, si huu peke yake, huonekana vizuri. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku kuangalia ugonjwa usiojulikana, akatoa damu kwa wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, katika mlipuko uliohesabiwa baadaye kuwa na wagonjwa 318 na vifo 280. Machi 1977, The Lancet lilichapa makala tatu zilizotangaza kirusi kipya, zikitoka kwa vikundi vya maabara za Marekani, Uingereza na Ubelgiji. Jina lake halimo. Mwaka 1978 ikatoka ripoti kamili katika jarida la Shirika la Afya Duniani, andiko ambalo mpaka leo kila anayeandika juu ya Ebola hulirejea, na mahali pa jina la mwandishi pameandikwa Tume ya Kimataifa. Kwa mzani wa kutajwa, basi, mwaka mkubwa kuliko yote katika kazi yake ni mwaka mwepesi. Hapo sioni kosa la kuilaumu Google Scholar, maana haiwezi kuhesabu jina ambalo halikuandikwa. Ila tume ya kupandisha madaraja inayosoma namba bila kusoma kitu kingine italirudia kosa la wale walioacha kuliandika.

Kisha ni swali la kutajwa kwa namna gani. Huko Kikwit mwaka 1995, Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya waliopona Ebola, na 7 kati yao wakaishi, katika mlipuko ambao uliua wagonjwa wanane katika kila kumi. Makala ya kazi hiyo, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Mupapa, ilitoka 1999. Ukifungua orodha ya walioitaja na kuisoma mmoja mmoja, utakuta wanaoisifu, utakuta wanaoitaja kwa mstari mmoja wa heshima, na utakuta wengi wanaosema kwamba wagonjwa 8 ni wachache, kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwamba waliopewa damu huenda walikuwa wameshavuka siku mbaya za ugonjwa. Mwaka 2016 utafiti uliofanywa Guinea kwa plazima ya waliopona haukuonyesha faida iliyo wazi. Hata hivyo, kutoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit ndimo ilimotolewa kingamwili iliyoitwa mAb114, ambayo kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019 ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina pamoja na dawa nyingine tatu, kwa wagonjwa 681. Katika kundi la ZMapp, lililokuwa la kulinganishia, karibu nusu walikufa, yaani asilimia 49.7, katika kundi la mAb114 walikufa asilimia 35.1. Matokeo yalichapwa katika New England Journal of Medicine mwishoni mwa 2019, jina la kwanza likiwa la Mkongomani mwingine, Sabue Mulangu, na dawa ikaidhinishwa Marekani Desemba 2020. Anayemkosoa Mupapa, anayemsifu na anayemtaja kwa mazoea tu, wote watatu kwa mashine ni moja, moja, moja. Nimewaambia madaktari wangu mara nyingi kwamba idadi ile ni mlango tu, na chumba chenyewe ni orodha iliyo nyuma yake. Wachache huingia.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Kamituga. Tangu Septemba 2023, katika mji ule wa machimbo ya dhahabu wilayani Mwenga, wauguzi walianza kuwaona watu wazima wenye mpox ambao hawakugusa mnyama yeyote. Mwaka 2024 zikatoka makala zilizoandikwa na vikundi vyenye Wakongomani wengi, mojawapo katika Nature Medicine, ikieleza wagonjwa 241 walioshukiwa ndani ya miezi mitano, 108 kati yao wakiwa wamethibitishwa kwa kipimo cha maabara, na tawi jipya la kirusi linalosambaa kati ya watu. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa, na kuanzia hapo kila aliyeandika juu ya mpox popote alilazimika kuitaja Kamituga. Katika hili Google Scholar niliipenda: ilikuwa na kasi kuliko wenzake wote, ikaonyesha makala hata zilipokuwa bado hazijapitiwa na wataalamu, na mtu aliye Bukavu aliweza kufuatilia wiki kwa wiki nani anasema nini juu ya jirani zake. Lakini kasi hiyohiyo huleta hesabu ya mara mbili. Makala ya awali na makala iliyochapwa huweza kukaa kama maandiko mawili, kila moja na idadi yake, mpaka mwenyewe afungue ukurasa wake na kuziunganisha. Na nimeona pia kinyume chake, makala mbili tofauti zilizounganishwa kuwa moja kwa sababu vichwa vyake vilifanana.

Sasa weka kando ya Kamituga kazi iliyofanywa Lwiro, mwendo wa saa chache kutoka hapa kwa barabara ya Kavumu. Watafiti walirudi kuwatafuta watu wazima waliotibiwa utapiamlo mkali walipokuwa watoto, kati ya 1988 na 2007, kijiji kwa kijiji, ili kujua njaa ya utotoni iliwaachia nini katika mwili, katika akili na katika masomo. Fikiria kazi ya kumtafuta mtu baada ya miaka 20 katika eneo ambalo vita vimepita na kurudi. Makala zake zilianza kutoka mwaka 2020. Kazi ya namna hii huchukua nusu ya maisha ya mtafiti, na ulimwengu hauendi mbio kuitaja, kwa sababu utapiamlo wa Kivu hautishi viwanja vya ndege vya Ulaya. Mzani unaopima kwa kutajwa utaiweka chini ya makala ya kurasa nne iliyobahatika kutoka mwezi wa dharura, na kama tume haina mtu anayejua Lwiro ni wapi, hapo hukumu imekwisha. Sitaki kumtaja Daktari Mukwege kwa kila jambo, jinsi tulivyozoea hapa mjini, ila ni kweli kwamba alitetea tasnifu yake ya udaktari mjini Brussels mwaka 2015, alipokuwa ameshawafanyia upasuaji maelfu ya wanawake hapa katika hospitali ya Panzi, na miaka mitatu baadaye akapata Nobel ambayo haihesabiki katika h ya mtu.

Kuhusu udanganyifu nitakuwa mfupi, kwani huchukiza. Kwa kuwa mashine huokota chochote chenye sura ya makala, anayetaka kuilisha uongo huilisha. Mwaka 2024 mtafiti mmoja wa Marekani alitaka kuonyesha urahisi huo, akaweka mtandaoni makala 12 za upuuzi zilizobeba jina la paka aitwaye Larry, pamoja na nyingine za kubuni zilizozitaja hizo, na kwa muda paka huyo alikuwa na kutajwa mara 132 na h ya 11, kabla kampuni haijazinduka na kuzifuta. Nilipowasimulia hayo, profesa mmoja hakucheka. Alitaka kujua h ya 11 ni nyingi kuliko yake kwa kiasi gani. Wanaodanganya kweli hawatumii paka. Hutumia majarida ya kilaghai yanayotuma barua kila asubuhi, yakimwita kila mtu “profesa mashuhuri”, yakiahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa dola mia mbili, na makala hizo Google Scholar huzihesabu sawasawa na za The Lancet. Scopus na Web of Science huweka walinzi mlangoni. Walinzi hao hulala wakati mwingine, lakini wapo. Mama anayeuza unga Kadutu hujaza kopo mpaka lifanye kilima, na mnunuzi anaona kwa macho yake kwamba kilima kile ni unga. Humu kilima kinaweza kuwa hewa, na mnunuzi ndiye mwenye kazi ya kutia mkono.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji wa namba hawalisemi: kipimo h hakijui mtu aliandika nini katika makala yenye waandishi 60. Aliyebuni utafiti, aliyekusanya sampuli kwa pikipiki, na mkuu wa idara aliyewekwa kwa heshima, wote hupata sawa. Wala hakijui umri: mzee aliyeacha kuandika tangu zamani, h yake hupanda akiwa amelala, na kijana mwenye makala tatu nzuri hawezi kuwa na h zaidi ya 3, hata zitajwe mara elfu. Daktari wa upasuaji na daktari wa magonjwa ya kuambukiza hawawezi kulinganishwa humo, kwa sababu wa pili ana wenzake wengi zaidi wa kumtaja. Wanasayansi waliokutana San Francisco mwaka 2012 waliandika azimio la kukataa vipimo vya majarida visitumiwe kumhukumu mtu mmojammoja, na vyuo vingi vya Ulaya vimelitia sahihi. Kwetu nimelichapa na kulibandika ukutani karibu na dirisha, ambapo jua limeanza kulifuta.

Ikiwa ni lazima nitoe nyota, ninatoa nne kati ya tano kwa kutafuta na kusoma, kwa sababu sijui huduma nyingine ya bure inayomfikisha daktari wa hapa mbali hivyo kwa mega chache hivyo. Kwa kuhesabu ninatoa mbili na nusu, na ile nusu ni kwa ajili ya wale wazee wa Kifaransa. Anayeitumia kwa ajili ya dosye aingie akiwa na orodha yake mwenyewe ya makala, iliyoandikwa kwa mkono ikibidi. Azime ile sehemu inayoongeza makala zenyewe bila kumuuliza. Aunganishe nakala mbili za makala moja. Atoe visivyo vyake. Kisha alinganishe na PubMed, na kama ana jina katika Scopus aangalie pia ukurasa wa bure ambao kampuni hiyo humwonyesha kila mtafiti. Namba tatu zitatofautiana, na ya Google Scholar karibu kila mara itakuwa kubwa zaidi. Aziweke zote tatu.

Yule daktari wa watoto mwenye migomba alirudi kwangu msimu huu. Tulikaa mchana mzima, umeme ukakatika mara mbili, tukaondoa makala za kilimo moja baada ya nyingine, tukaongeza tasnifu yake ya Kifaransa pamoja na makala mbili za Lwiro zilizokuwa zimeandikwa kwa jina lake la ubatizo. Jumla ilishuka karibu nusu. Alitazama kioo cha kompyuta kwa muda, akasema, “Mama, sasa nimekuwa mdogo,” nami nikamjibu kwamba amekuwa mwenyewe. Tulichapa ukurasa, akapeleka. Siku mbili baadaye katibu wa kitivo alinipigia simu: ndani ya faili kulikuwa na kurasa mbili za mtu mmoja, ya mwaka jana yenye namba kubwa na ya mwaka huu yenye namba ndogo, naye alitaka kujua ipi aipeleke mbele ya tume. Nilimwomba apeleke hii ndogo, aibandikie orodha ya makala zenyewe, na kila namba iliyomo aiandikie tarehe iliyosomwa.